"Hii naitoaje kwenye Excel?"

*Swali: Mimi na mwenzangu tumetengeneza mfumo wa mauzo na stoo. Wateja wetu ni maduka ya jumla ya vifaa vya ujenzi na ya pembejeo za kilimo na mifugo. Tumeweka ripoti kumi na tisa na dashibodi yenye grafu za kila aina. Lakini kila tukipeleka kwa mteja mpya, swali la kwanza au la pili ni lile lile: "Hii naitoaje kwenye Excel?" Kuna mteja mmoja anashusha orodha ya mauzo kila siku saa kumi na mbili jioni, na dashibodi hajaifungua tangu mwezi wa tatu. Mwenzangu anataka tukiondoe kabisa kitufe cha Excel ili watu wauzoee mfumo. Mimi naogopa tutapoteza wateja, ila na mimi inaniuma. Tumekosea wapi? Au ni watu tu hawataki kubadilika?*

Ndugu yangu, inauma, sikatai. Umekesha unachora grafu, halafu mtu anaingia, anazipita kama apitavyo bango la barabarani, anatafuta mlango wa kutokea. Ila hapo umeuliza maswali mawili. Moja, je, mfumo wetu una kasoro? Pili, je, watu hawa ni wagumu? La pili nalimaliza hapa hapa: si wagumu. Mtu mgumu asingekubali kuwalipa kila mwezi, angebaki na kauntabuku yake. La kwanza linataka tukae chini.

Kabla sijaingia kwenye kazi ya mifumo nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya jumla, kwa hiyo kitufe hicho nimekibonyeza sana. Nikusimulie jioni moja tu. Tunafunga mwezi. Mfumo unasema fedha zilizopelekwa benki ni kiasi fulani, taarifa ya benki inasema pungufu, na tofauti ni shilingi 270,000. Mhasibu wetu, mama mmoja mtulivu mwenye penseli nyuma ya sikio, hakufungua ripoti yoyote. Alichukua kikokotoo akagawa 270,000 kwa 9. Ikatoka 30,000 kamili, bila mkia. "Tarakimu zimepishana," akasema. Wahasibu wanalijua hilo: ukiandika 85 mahali pa 58, tofauti itagawanyika kwa 9 siku zote. Akatoa orodha ya mfumo kwenye Excel, akabandika ya benki pembeni yake, akazioanisha kwa namba ya slipu, akaongeza kolamu moja ya kutoa hii kwa ile, kisha akapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Mstari wa juu kabisa: mfumo 850,000, benki 580,000. Kijana wa kaunta alibonyeza kinyume. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Sasa niambie, ungeweka ripoti gani ya ishirini ili imfae mama yule? Usingeijua. Swali lake halikuwepo asubuhi. Lilizaliwa jioni na likafa jioni hiyo hiyo. Ripoti zenu kumi na tisa zinajibu maswali kumi na tisa mliyoyafikiria mkiwa ofisini kwenu. Dukani kila siku linazuka la ishirini, na kesho yake la ishirini na moja, na mengi hayarudi tena. Hilo ndilo jambo la kwanza: kwa maswali ya namna hiyo mtu anahitaji mahali pa kupanga namba kwa mkono wake, azisogeze, azipake rangi ya njano, aandike "muulize Juma" pembeni.

Ndivyo jedwali la kompyuta, babu wa Excel, lilivyoanza. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, anamtazama profesa akihangaika ubaoni: namba moja ikibadilika, mstari mzima unafutwa na kuandikwa upya. Akawaza chombo ambacho ukigusa namba moja, nyingine zote zinajirekebisha zenyewe. Yeye na Bob Frankston wakaja na VisiCalc mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na wapo walioinunua kompyuta ile kwa sababu ya programu hiyo tu. Excel ilifuata mwaka 1985, tena ikianzia kwenye Macintosh. Watu wa Windows waliipata 1987. Mfumo wenu una umri gani? Unashindana na kitu ambacho mhasibu amekikuta darasani, akakikuta kazini, na anakitumia hata kupigia hesabu za michango ya harusi.

Jambo la pili ambalo watengenezaji wengi hatulioni: kazi ya mteja wako haiishii kwenye mfumo wako. Wewe unaona mauzo yameingia, stoo imepungua, basi. Yeye bado ana safari. Mshahara wa vijana wake utalipwa benki, na benki nyingi zikilipa watu wengi kwa mpigo zinataka faili lenye kolamu zake: jina, akaunti, kiasi. Mhasibu wa nje anayekuja mara moja kwa mwezi anataka orodha ya risiti aitiki. Bosi yuko safarini anataka kitu cha kufungua kwenye simu, kwa WhatsApp. Hata mamlaka za kodi: Mkenya anayewasilisha ritani yake kupitia iTax ya KRA kwa njia ya faili huishusha fomu ikiwa Excel, huijaza, huithibitisha kwa kitufe kilichomo humo humo, kisha hupandisha faili lililobanwa linalotoka ndani yake. Kama serikali inapokea kodi kwa Excel, wewe unamlaumu nini muuza misumari?

Hapo ndipo nakuomba ubadilishe sikio. Mteja akisema "nataka Excel", mara nyingi anakuambia kuna ofisi nyingine inayomsubiri, na kati ya mfumo wako na ofisi hiyo hakuna njia nyingine ya kupita.

Jambo la tatu ni hofu, na hili watu hawalisemi mbele yako kwa heshima. Umeme unakatika. Bando linaisha. Malipo ya mwezi yakichelewa akaunti inafungwa. Na ninyi ni vijana wawili. Siku mkigombana au mmoja akapata kazi kubwa huko, wadaiwa wake atawapata wapi? Huyo wa saa kumi na mbili jioni, mimi namshuku kwa hili. Huenda hata hafungui lile faili. Huenda analiweka tu kwenye flashi kama mtu anavyofunga duka kwa kufuli mbili.

Jambo la nne ndilo lenye chembe ya kasoro yenu. Kuna data ambayo mtumiaji anajua si sahihi, lakini mfumo haumpi njia ya kuisahihisha. Wauzaji wawili wamemwandika mteja mmoja kwa majina mawili, "Mama Neema" na "Mama Neema Hardware", deni lake likagawanyika. Saruji imeingia kwa tani ikatoka kwa mfuko. Mtu akiomba kurekebisha anaambiwa apige simu kwa "watu wa mfumo", yaani wewe, na wewe uko kwenye daladala. Basi kila mwisho wa mwezi anashusha, anaunganisha Mama Neema na Mama Neema, anampelekea bosi, na mfumo unabaki na uongo wake. Mwezi unaofuata anarudia. Ukikuta mtu anashusha ripoti ile ile kila mwezi na kufanya masahihisho yale yale, hapo mfumo unadaiwa kitu.

Na la tano nilitaje tu, maana wewe ni mtu mzima: wapo wanaotaka Excel ili namba ziguswe kabla hazijamfikia mwenye mali. PDF ni ngumu kuigusa, Excel ni laini. Dawa yake ni kumpa mwenye mali nywila yake mwenyewe, aone kwa macho yake na simu yake. Kuwafungia wote kitufe kwa ajili ya huyo mmoja ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

Hilo linatupeleka kwa mwenzako. Wazo lake nalielewa, lakini nimeona linavyoishia. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo mfumo wao haukuruhusu kutoa kitu chochote, kwa sababu za usalama walivyoambiwa. Nikamkuta binti wa ofisini ameegemeza simu kwenye kikombe, kwenye simu kuna picha za skrini ya kompyuta, na yeye anazichapa upya kwenye Excel mstari mmoja baada ya mwingine. Mistari mia tatu na kitu, kila Jumamosi. Usalama uko wapi hapo? Data imetoka ile ile, sasa iko kwenye simu ya mtu pamoja na picha za harusi, ina makosa ya kuchapa, na hakuna kumbukumbu ya nani aliitoa na lini. Mkiondoa kitufe mtafanikiwa jambo moja tu: hamtajua tena inatoka vipi.

Nami siwezi kukuambia kwamba kutoa kila kitu ni salama. Faili likishatoka ni picha ya saa ile. Baada ya dakika kumi mauzo mengine yameingia, na ofisini kuna namba mbili za jambo moja: ya kwenye mfumo na ya kwenye faili linaloitwa "mauzo mwisho KABISA 2". Yamewakuta wakubwa pia. Mwaka 2020 huko Uingereza, mamlaka ya afya ya umma ilikuwa ikikusanya majibu ya vipimo vya korona kupitia mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa XLS unaobeba mistari 65,536 tu. Faili likajaa, yaliyozidi yakaachwa nje, na wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kwenye takwimu za siku zao mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Waliokutana nao nao wakachelewa kutafutwa. Muundo wa sasa, XLSX, unabeba mistari 1,048,576, kwa hiyo duka lako halitaujaza leo wala kesho. Funzo langu kwako ni dogo zaidi: Excel ni nzuri kwa kutazama na kupima. Ikigeuka kuwa mrija wa kudumu kati ya mifumo miwili, siku moja itavuja bila kelele.

Kwa hiyo kitufe kibaki, lakini kitengenezwe vizuri. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo ninapowaona wengi wakiharibu. Watu hutoa ripoti yenye nembo ya kampuni juu, kichwa cha habari kilichounganishwa seli sita, mistari mitupu ya urembo, na jumla ndogo katikati. Inapendeza ukiichapisha. Mhasibu akitaka kuipanga kwa tarehe, inagoma. Inabidi aanze kufuta nembo yako. Anachotaka ni mstari mmoja wa majina ya kolamu, kisha data mpaka chini, basi. Kiasi kiwe namba tupu. Ukimpa "TZS 1,250,000/=" umempa maneno, na maneno hayajumlishiki.

Halafu kuna namba ambazo si namba. Jaribu mwenyewe leo: toa orodha ya wateja kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye koma kati ya kolamu, uifungue kwenye Excel. Simu ya 0712345678 inageuka 712345678, sifuri imeliwa. Ukiiandika na +255 mbele, kolamu inakuonyesha 2.55712E+11, na mzee wa duka anakupigia kuuliza hii ni simu ya nchi gani. Kibaya kuliko vyote ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa Tanzania. Ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho zinageuka sifuri. Mtu akishalihifadhi faili hilo, hazirudi tena, hata ukipanua kolamu mpaka ukutani. Wateja mia mbili waliozaliwa siku tofauti, wote vitambulisho vyao vinaishia na 00000. Suluhisho ni kutoa XLSX halisi na kuziwekea kolamu hizo aina ya maandishi tangu kwenye mfumo. CSV iache kwa mifumo inayozungumza na mifumo.

Tarehe nazo zina ujanja. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani ikipewa 03/04/2025 kutoka kwenye CSV itasoma tarehe 4 mwezi wa tatu. Ikifika 13/04/2025 inashindwa, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi inaiacha kama maandishi. Nusu ya mwezi wako imehama, nusu imebaki, na hakuna onyo lolote. Toa tarehe ikiwa tarehe. Na maandishi yaliyochapwa na watu, yakianza na =, +, - au @, hakikisha yanatoka kama maandishi, kwa sababu Excel inaweza kuyachukua kama fomula na kuyatekeleza. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kujiandikisha kama mteja kwa jina la namna hiyo.

Ukimaliza hayo, kila faili libebe jina linalosema ukweli: ni la tawi gani, kuanzia lini hadi lini, limetolewa saa ngapi. Na mfumo uandike kimya kimya nani ametoa nini. Kumbukumbu hiyo ni dhahabu kwenu. Baada ya miezi miwili utaona ripoti tatu tu zinashushwa na zile kumi na sita zimelala. Usizifute kwa hasira. Chukua hizo tatu, mwulize kila anayezishusha swali moja: "Ukishaifungua, unafanya nini cha kwanza?" Akisema anafuta kolamu nne, muundie mwonekano usio na kolamu hizo. Akisema anaipeleka benki, tengeneza faili la benki kama benki inavyolitaka, abonyeze mara moja. Akisema anawaunganisha akina Mama Neema, mpe kitufe cha kuunganisha wateja. Baadhi ya vilio vya Excel vitanyamaza vyenyewe. Vingine havitanyamaza, na hivyo viache.

Kuna ombi moja litakalofuata ambalo nakuonya mapema. Wakishashusha, watataka kupandisha. "Nimerekebisha bei kwenye Excel, zirudishe." Kwa bei mpya au bidhaa mpya nyingi, kubali, ila mfumo uonyeshe kwanza nini kitabadilika, bei ya zamani na mpya zikiwa ubavu kwa ubavu, kabla mtu hajathibitisha. Kwa mauzo yaliyokwisha kufanyika na stoo iliyokwisha kuhesabiwa, kataa, hata akukasirikie. Ukiruhusu hilo, historia ya duka itakuwa ni kile alichochapa mtu wa mwisho.

Mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi ni machache. Kama orodha mnazotoa zina majina, simu na namba za vitambulisho, mwoneni mwanasheria anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Mkiwa na wateja Kenya, nao wana yao ya mwaka 2019. Mwende naye muamue nani aruhusiwe kutoa orodha nzima na nani aone wateja wake tu. Kama jumla ya mfumo na jumla ya faili hazilingani kwa kitu kile kile na muda ule ule, msibishane kwa simu; mwite mhasibu aliyesajiliwa akae na ninyi, mpite mstari kwa mstari, kwa sababu ama fomula ya mtu ina kosa au ya kwenu. Na mkihisi kuna mkono umegusa namba kwa makusudi, msicheze upelelezi. Hiyo ni kazi ya mkaguzi na ya mwenye mali.

Lakini kabla ya mwanasheria na mkaguzi, nenda kwa yule wa saa kumi na mbili. Siku ya kazi, fika kasoro robo, usibebe laptop. Mwombe kiti, mwambie umekuja kujifunza, kisha nyamaza mpaka amalize kufunga duka. Angalia faili likishafunguka macho yake yanakwenda kolamu ipi. Kama halifungui kabisa, angalia analiweka wapi.

Mwenzako mchukue mwende wote.